Sura ya Sita: Karabai Isiyowashwa

Sajini Ramula Nabifo aliiweka karabai juu ya meza, akaitoa kioo, akaiinamia. Dirisha la ofisi ya upelelezi lilivunjwa na risasi mwaka uliopita, wakati wa vita, na tangu hapo lilikuwa limezibwa kwa ubao, hivyo ilimbidi aigeuze taa ile huku na huku kabla ya kuona alichokuwa akikitafuta. Alipokiona hakukigusa. Alivuta kiti, akakaa, akaendelea kukitazama.

Taa hiyo ilitoka kwenye mtumbwi wa Adrisi, Mnubi wa Mpumudde, mvuvi na fundi wa mitumbwi, ambaye maiti yake ilikutwa Jumatatu kwenye matete karibu na mwalo wa Masese, wavuvi wanakoegesha mitumbwi. Mwenzake wa kuvua, Msoga mmoja aliyeitwa Kirunda, alikuwa amefika kituoni tangu Jumapili asubuhi kutoa taarifa. Alisema kwamba Jumamosi usiku walikwenda kuvua mukene, wale dagaa wa ziwa, upepo ukawapindulia mtumbwi, yeye akaokoka na Adrisi akafa maji. Yangeishia hapo. Lakini daktari aliyeifunua maiti alikuta jeraha juu ya sikio la kulia, refu, kingo zake zimechanika, na maneno yakaanza kuzunguka mjini Jinja.

Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya vita. Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudani zama za Waingereza, walikuwa wakilipizwa kisasi kwa makosa ya serikali iliyoanguka, hata wale ambao hawajawahi kuvaa gwanda maishani mwao. Nusu ya mji ilisema Kirunda amemuua Adrisi ili abaki na mtumbwi. Nusu ya pili ilisema hata kama kamuua, kuna ubaya gani? Inspekta Mafabi, mkuu wa Nabifo, hakuwapenda hao wala hawa. Alichotaka ni jalada lifungwe.

"Miaka ile maiti zilipita kule kwenye bwawa la umeme kama magogo, na hakuna aliyeuliza," alimwambia Nabifo. "Sasa tunauliza. Lakini uliza haraka."

Nabifo alikuwa ameanza kuuliza kwa mjane. Siku iliyotangulia alikwenda Mpumudde, akamkuta Shamim, mke wa Adrisi, amekaa eda katika chumba cha ndani, mgongo umeegemea ukuta. Shamim alijibu kila swali kwa maneno machache, bila chozi. Nabifo alimuuliza, kwa desturi tu ya kazi, mumewe alikula nini kabla ya kuondoka. Shamim alisema siku hiyo mumewe alikuwa amefunga. Alifuturu kwa uji wa mtama, akaswali, akatoka. Nabifo, mwanamke wa Kiislamu kama yeye, alidhani ni ile saumu ya sunna ya Jumatatu na Alhamisi, na jambo hilo likampita.

Lilimrudia asubuhi hii mbele ya karabai. Adrisi aliondoka Jumamosi.

Mtu gani hufunga Jumamosi? Alimkumbuka marehemu baba yake kule Mbale, ambaye kila mwezi, jua liwake mvua inyeshe, alifunga siku tatu: kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano za mwezi mwandamo. Siku nyeupe, baba yake aliziita, kwa kuwa usiku wake wote humulikwa na mwezi. Basi Jumamosi ile mwezi ulikuwa mpevu. Na hakuna mwanamke wa Jinja anayepika mwenyewe asiyejua kwamba mwezi ukipevuka mukene huadimika sokoni, kwa sababu mwanga wa karabai humezwa na mwanga wa mbinguni na dagaa hawausogelei. Wavuvi wa taa huvuta mitumbwi yao nchi kavu, wakashona nyavu, wakasubiri giza lirudi.

Nabifo alituma aitwe Kirunda.

Alikuwa mtu wa makamo, mabega mapana, mkono wake wa kushoto umefungwa kitambaa. Hakuonekana mtu mwenye hofu. Alionekana mtu aliyechoka. Alisimulia tena habari ya upepo, vilevile kama alivyoisimulia Jumapili, hata maneno yakifuatana kwa mpangilio uleule.

"Karabai nani aliwasha?" Nabifo aliuliza.

"Mimi, afande."

"Wapi?"

"Kule mbele ya kisiwa. Tuliwasha, mukene ikakuja, tukavua kidogo. Halafu upepo ilikuja."

"Mtumbwi ulipopinduka, taa ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka. Maji ndio ilizima. Mimi nasema kweri."

Nabifo hakubishana naye. Mezani alikuwa ameweka karabai ya pili, ambayo aliiazima kwa muuza chai wa jirani. Aliifungua, akaingiza kidole na kuugusa ule mfuko mdogo mweupe unaotoa mwanga. Ukavunjika papo hapo, ukambakia kidoleni kama majivu. Kisha akaisogeza karabai ya mtumbwini, akaushika mfuko wake kwa vidole viwili, akauvuta. Haukuvunjika. Kilikuwa kitambaa tu, kilicholowa kikakauka, laini kama kilivyotoka dukani.

"Mfuko huu ukishika moto mara moja tu unageuka majivu," alisema. "Huu haujaona moto tangu ushonwe. Na Jumamosi mwezi ulikuwa mpevu, Kirunda. Masese nzima ilikuwa imelala. Ninyi wawili mlikwenda kuvua nini?"

Kirunda aliutazama mfuko ule, akautazama mkono wake uliofungwa. Kisha akanyoosha mgongo.

"Andika mimi nilimuua," alisema.

"Ulimuua kwa nini?"

"Andika tu, afande."

Alipelekwa mahabusu, na kabla ya mchana habari zilikuwa zimefika kwa Inspekta Mafabi, na kutoka kwa Mafabi zikavuja, kama kila kitu kilivyovuja siku zile, mpaka kwa kapteni mmoja wa jeshi jipya. Kapteni alikuja mwenyewe na gari lake. Alisema watu wake wamekuwa wakiitafuta familia ya ofisa mmoja wa serikali iliyoanguka, mama yake na watoto wake, na amesikia kwamba watu wa namna hiyo wanavushwa ziwani. Angependa kuzungumza na mvuvi huyu aliyekwenda majini siku isiyo na uvuvi. Mafabi alimjibu kwamba mtuhumiwa wa mauaji ni mali ya polisi mpaka Ijumaa. Kapteni akasema Ijumaa atarudi.

Kila mtu alijua maana yake. Waliochukuliwa na gari lile hawakurudi na sura walizoondoka nazo, na wengine hawakurudi.

Nabifo alirudi kwenye meza yake, na ushindi wake wa asubuhi ulikuwa umemchachia mdomoni. Yeye ndiye aliyeuvunja uongo wa Kirunda. Lakini tangu aingie upelelezi hakuwahi kuona muuaji aliyetunga uongo akautunza kwa siku kadhaa, kisha ulipotoboka, badala ya kutunga mwingine akaomba kamba ya kunyongea. Mtu huyo hakuwa akijificha nyuma ya uongo ule. Kuna kitu kingine alichokuwa amekiziba kwa mwili wake.

Alipanda baiskeli mpaka Masese.

Mtumbwi wa Adrisi ulikuwa umepinduliwa ufuoni, mkubwa, wa mbao zilizopigwa lami. Nabifo aliwaomba wavuvi waugeuze. Aliuzunguka polepole. Ubavuni mwa kulia palikuwa na bati lililopigiliwa kuziba ufa, na kona yake moja ilikuwa imejikunja kwa nje, kali. Alichuchumaa, akapima kwa macho. Mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi bati lile lisingemfikia hata gotini. Mtu aliyeanguka kutoka ndani angelivuka. Ili limguse kichwani ilipasa awe majini, amening'inia ubavuni. Alilihifadhi wazo hilo bila kujua bado mahali pake.

Kisha akainua mbao za sakafu. Chini yake palikuwa na gunia lililokunjwa, la kukalia, na wavuvi waliosimama naye wakakubali kwamba mvuvi hakalii gunia. Katika mikunjo ya gunia alikuta vipande kadhaa vya kitu cheusi, chembamba, kigumu kama kamba iliyokauka. Wale wavuvi hawakukijua. Mmoja alidhani ni gome la mti. Nabifo alikinusa tu akakijua: kilikuwa malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, chakula cha kwao, Wagisu wa mlimani. Msoga hali malewa. Mnubi wa Jinja hali malewa, wala hayauzwi Jinja. Kuna mtu aliyefungiwa chakula cha safari huko Mbale, akakilia ndani ya mtumbwi huu.

Na siku ya maziko, kati ya watu wachache waliothubutu kuja kumzika Mnubi, Nabifo alikuwa amemwona mtu wa Mbale. Alikuwa Zubairi, muuza vitambaa, ambaye duka lake liko nyuma ya msikiti alimokuwa akiswali baba yake.

Nabifo alivitia vipande vya malewa ndani ya bahasha, akaiacha mezani pake pamoja na vielelezo vingine. Alimwambia Mafabi kwamba anakwenda Mbale kuuliza kama marehemu alikuwa na maadui. Mafabi alimtazama, akamkumbusha kwamba kesho kutwa ni Ijumaa.

Barabara ya Mbale ilikuwa na vizuizi vingi kuliko miji. Kila penye vizuizi wanajeshi waliwashusha abiria, wakafungua mizigo, wakauliza maswali kwa Kiswahili, na abiria wakajibu macho yakiwa chini, kwa kuwa lugha hiyo walikuwa wameizoea kwenye ncha ya bunduki. Nabifo alitoa kitambulisho chake kila mara. Alihesabu moyoni ni vingapi kati ya vizuizi vile yule mama na watoto waliotafutwa na kapteni wangeweza kupita, akaona hakuna hata kimoja.

Alifika mchana. Mlima Wanale ulikuwa umefunikwa na wingu mpaka shingoni, na duka la Zubairi lilikuwa na rafu tupu na majora mawili ya kaniki. Zubairi, mzee mfupi mwenye ndevu zilizotunzwa, alimkaribisha kwa adabu zote, akamuulizia mama yake, akamkumbuka marehemu baba yake. Kuhusu Adrisi alisema ni mtu aliyewahi kumuuzia samaki wakavu, basi. Mwenzako akifa unamzika. Hakujua habari za mtumbwi wala safari.

Nabifo aliyasikiliza yote. Alisikia pia, nyuma ya ukuta, sauti ya mtoto ikinyamazishwa baada ya kuita, "Haboba!" Ni neno la Wanubi la kumwita bibi.

Chai ililetwa, ya rangi, bila sukari, maana sukari haikupatikana. Aliyeileta alikuwa mwanamke mtu mzima, mrefu, amejitanda mtandio. Zubairi alisema ni ndugu yake kutoka kijijini, anaitwa Nulu, amekuja kusaidia kazi. Nulu aliweka kikombe, na Nabifo akaiona mikono yake.

"Pole, mama," alisema. "Mikono imefanya nini?"

"Kutwanga, mwanangu."

"Mchi huchubua kiganja. Wewe kiganja chako ni kizima. Umekatwa kwenye maungio ya vidole, mikono yote miwili, kwa mstari mmoja." Nabifo alikishika kikombe bila kunywa. "Hiyo ni midomo ya kopo. Ulichota maji kwa kopo, kwa nguvu, kwa muda mrefu. Ulikuwa unayatoa wapi?"

Zubairi alisimama, akaenda kufunga mlango wa duka.

"Ramula," alisema, "baba yako alikuwa rafiki yangu."

"Ndiyo maana nimekuja peke yangu. Lakini Kirunda amekiri kuua, na kesho wanajeshi wanamchukua."

Hapo ndipo Nulu alipokaa chini, akaeleza. Yeye alikuwa mama yake Shamim, na wale watoto nyuma ya ukuta walikuwa wa mwanawe wa kiume, yule ofisa ambaye kapteni aliitafuta familia yake. Mwanawe alikimbia nchi siku mji ulipotekwa, na mke wake aliuawa njiani. Tangu siku hiyo Zubairi alikuwa amewaficha katika ghala lake. Mwezi uliopita msako wa nyumba kwa nyumba ulianza Mbale, ukaanzia mtaa wa pili.

Safari ilipangwa na Adrisi, na aliipanga kwa mwezi na upepo. Usiku wa giza, alimweleza Nulu, ziwa limejaa karabai za wavuvi wa mukene, na kila karabai ni jicho. Lakini mwezi ukipevuka hakuna mtumbwi majini, na mwanga unatosha kuviona visiwa na matete bila kuwasha kitu. Jioni upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Mtu akisubiri mpaka baada ya isha, upepo hutulia, na kuelekea alfajiri hugeuka, ukamsukuma mwenye tanga kwenda mbele. Wangefika visiwa vya mashariki, na huko Mkenya mmoja mnunuzi wa samaki angewapokea na kuwavusha mpaka nchini kwake. Karabai walichukua kwa ajili ya macho ya watu tu, ili atakayewaona ufuoni adhani ni wavuvi wasio na akili. Zubairi aliwaleta watoto mpaka Jinja chini ya magunia ya kahawa, katika lori la rafiki yake.

Kitu kimoja hakikupangika. Mvua za masika ziliwahi mwaka ule. Adrisi aliuona umeme ukicheza upande wa visiwa vya Buvuma kabla hawajaondoka, akasimama nao ufuoni akitazama kwa muda. Kuahirisha kulikuwa kusubiri mwezi mzima, na msako usingesubiri. Akasema, twende.

Upepo uliwakuta mbali na nchi kavu. Mtumbwi ulikuwa na uzito kupita kiasi, na mawimbi yakaanza kuingia kwa ubavu. Nulu alichota maji kwa kopo la mafuta ya kupikia, Kirunda akishika kafi. Kila kopo alilomwaga, maji yaliingia maradufu. Adrisi alivua shati, akajishusha majini upande wa kulia, akashika ukingo. Mtumbwi ukainuka kidogo, kiasi cha kutosha.

"Hatukumtupa," Nulu alisema. "Aliondoka mwenyewe, kama mtu anayempisha mgeni kiti."

Alining'inia hivyo, akimwelekeza Kirunda namna ya kuukata mwendo wa mawimbi, mpaka wimbi moja lilipouinua mtumbwi na kuushusha juu yake. Kirunda aliachia kafi, akamshika mkono. Wote wawili walikuwa wamelowa. Kirunda alikatwa na bati lile lile alipong'ang'ana, lakini mkono ukamtoka. Walirudi Masese alfajiri. Zubairi, aliyekuwa amelala mjini, akawarudisha Mbale kwa njia ileile waliyokujia.

Nabifo aliuliza kwa nini Kirunda, mtu asiye wa kabila lao wala wa dini yao, aliingia katika jambo hili. Nulu alisema miaka ile ya utawala wa kijeshi Kirunda aliwahi kukamatwa kizuizini bila kosa, na Adrisi alikwenda kulala nje ya kambi, akiwasihi askari kwa Kinubi chake mpaka wakamwachia. Hilo tu.

"Nitakuja Jinja," Nulu alisema. "Nitasema mbele ya mkuu wako. Mtu asinyongwe kwa ajili yangu."

Zubairi alianza kukataa, lakini Nabifo alimtangulia.

"Ukija, wewe na watoto mtachukuliwa kabla hujamaliza kusema. Na Adrisi atakuwa amekufa bure. Kaa hapa."

Alirudi Jinja Ijumaa asubuhi. Sheria aliyoiapia ilimtaka aseme alichokipata. Alipofika kituoni, gari la kapteni lilikuwa limeegeshwa mbele ya ngazi. Kapteni mwenyewe alikuwa ndani yake, akivuta sigara, mlango wazi.

Mafabi alikuwa ofisini kwake, birika la chai likichemka kwenye jiko la mkaa karibu na miguu yake. Alimwambia afunge mlango.

"Sema," alisema. "Nina muda wa sigara moja."

Nabifo alisema. Alikuwa ameyapanga yote barabarani, na aliyapanga kama Adrisi alivyopanga safari, akipima kila upande ambao upepo ungeweza kutokea. Alisema Kirunda na Adrisi hawakwenda kuvua mukene. Walikwenda kutega ndoano za sangara katika maji ya karibu na bwawa, yaliyopigwa marufuku, na walichagua mwezi mpevu kwa sababu ndoano hazihitaji taa na ufuo ulikuwa hauna watu. Dhoruba ikawakuta. Adrisi aliingia majini kuunyoosha mtumbwi usipinduke, na wimbi likamgonga kwa bati la ubavuni. Bati lipo, daktari aje alilinganishe na jeraha aliloliandika. Kirunda alikatwa mkono na bati hilohilo akijaribu kumwokoa. Muuaji hajikati mkono upande wa nje wa mtumbwi.

"Kama ni hivyo, kwa nini akakiri kuua?"

"Anawaogopa walinzi wa bwawa kuliko anavyoiogopa kamba, afande."

Mafabi alivuta pumzi, na kidogo acheke. "Na Mbale?"

"Zubairi alinunua samaki kwake. Hajui adui yeyote."

Mafabi alifungua mtoto wa meza, akatoa bahasha, akaikung'uta juu ya karatasi. Vipande vyeusi vya malewa vikaanguka. Aliyekaa mbele yake alikuwa Mgisu kama yeye, mtu aliyelelewa kwa chakula kile.

"Hivi vilikuwa mezani pako," Mafabi alisema, sasa kwa Kimasaba, lugha ya Wagisu, taratibu. "Kapteni alikaa kwenye kiti chako jana, akivichezea. Akaniuliza ni nini."

"Ukamwambia nini?"

"Yeye si mtu wa huku. Nilimwambia ni gome la dawa ya tumbo." Alivikusanya kimoja kimoja. "Mimi sikuulizi, Ramula, na wewe huniambii. Mtu akijua lazima aandike."

Alivitupa jikoni. Vilishika moto mara moja, na chumba kikajaa harufu ya moshi wa jikoni kwa mama zao. Mafabi aliinama, akavuta jalada, akaandika mstari mmoja mbele ya macho yake: marehemu amekufa maji. Nabifo aliusoma, akaona kwamba katika yote yaliyosemwa chumbani mle, huo ulikuwa wa kweli. Kisha Mafabi alivaa kofia yake, akatoka kwenda kuongea na kapteni. Waliongea kwa muda mrefu kuliko sigara moja. Nabifo alisimama nyuma ya ule ubao wa dirishani, jicho kwenye ufa, mpaka aliposikia mlango wa gari ukifungwa kwa hasira na injini ikiondoka kuelekea upande wa kambi ya Kimaka.

Kirunda aliachiwa alasiri. Hakuamini, na hakushukuru. Alipofika nje alimuuliza Nabifo kitu kimoja tu, kama Shamim anajua mumewe alikufaje. Nabifo alisema hajui. Anajua safari, hajui kifo. Basi wakaenda pamoja Mpumudde kwa miguu.

Kwa kuwa Shamim alikuwa ndani ya eda, Kirunda alikaa ukumbini, naye akamsikiliza kutoka nyuma ya pazia. Kirunda alisimulia kwa Kiswahili chake cha kukatika, bila kujitetea. Alipofika mahali pa mkono alisimama, akashindwa, na Nabifo akammalizia. Kisha Shamim aliuliza kama mumewe alisema lolote.

"Alisema nishike mtumbwi sawa," Kirunda alisema. "Alisema hivyo tu, mara nyingi."

"Basi ushike," Shamim alisema. "Ni wako sasa. Mama yangu na watoto bado wako huku."

Nabifo alikuwa amekaa palepale, afande wa polisi, na kila mmoja alikumbuka hivyo kwa wakati mmoja. Hakuna aliyesogea.

"Mwezi ujao usisubiri kumi na nne," Nabifo alisema mwishowe, akiangalia sakafu. "Nenda kumi na tatu. Doria ya jeshi inabadilisha watu jioni ile, na wageni hawaijui Masese."

Nulu na watoto walivuka mwezi uliofuata, ziwa likiwa shwari. Habari ililetwa na muuza sabuni kutoka Busia, mji wa mpakani, aliyeambiwa aseme tu kwamba mzigo umefika na haukulowa. Nulu alipita Jinja usiku ule akiwa chini ya magunia. Lori halikusimama Mpumudde, na Shamim hakutoka, kwa sababu ya eda na kwa sababu ya majirani. Aliyasikia magurudumu yakipita barabarani, akasimama mlangoni kwa ndani, kiganja chake kwenye ubao, mpaka sauti ilipokwisha.

Kirunda alirudi na mtumbwi mtupu. Asubuhi alipopita kumjulisha, Shamim alimkaribisha ukumbini, akapitisha chini ya pazia sahani ya mhogo na chai, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akamuuliza kama kuna samaki.